Kizimba cha kinyonga mchanga kiwe tayari kabla hajafika

Mara kwa mara naletewa kinyonga mdogo mwenye miguu iliyopinda. Mwenye kumfuga ana uchungu: taa kanunua, chakula anatoa kila siku. Nikimuuliza taa imekaa wapi, jibu huwa ni lile lile: juu ya kioo. Kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua tusiyoiona kwa macho. Bila miale hiyo ngozi ya kinyonga haitengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu anayokula haimfai. Kwa kuwa mtoto anakua upesi, mifupa yake hulegea mapema. Dawa ipo, lakini mguu uliokwisha kupinda mara nyingi haunyooki tena.

Ndiyo maana nawasihi watu: kiandae kizimba, kiwashe, kipime siku kadhaa kikiwa kitupu, ndipo umlete mnyama.

Nitamzungumzia kinyonga wa Yemeni, maana ndiye ninayemwona zaidi. Akiwa na miezi mitatu hivi, kizimba cha wavu cha sentimita 40 kwa 40, kimo 75, kinamtosha. Akikomaa atataka 60 kwa 60 kwa 120. Chumba kikiwa kikavu sana, ziba pande mbili tatu kwa plastiki, lakini hewa iendelee kupita.

Juu ya wavu panakaa taa mbili. Ya kwanza ni tyubu ya T5, yaani taa ndefu nyembamba, yenye UVB ya asilimia 5 au 6, na tawi la juu liwe sentimita 20 hadi 25 chini yake. Iwake kwa muda wa saa 12 kila siku, kisha giza kamili. Taa nyekundu ya usiku haina kazi yoyote. Badilisha tyubu kabla ya mwaka kupita hata kama bado inang'aa, kwa sababu UVB hupungua muda mrefu kabla ya mwanga tunaouona sisi. Ya pili ni balbu ya joto. Mtoto hahitaji zaidi ya nyuzi 27 hadi 29 pale anapoota, na chini kwenye kivuli pawe na kama 23. Pima kwa vipimajoto viwili, mkono wako usiuamini. Nimetibu vinyonga walioungua kichwani kwa sababu walipata njia ya kupanda hadi kwenye wavu chini ya balbu. Hawashtuki upesi kama tunavyodhani.

Sasa majani, na hapa ndipo wengi wanapobana. Ukimwona kinyonga wako kila unapopita, majani hayatoshi. Mtoto huyu ni chakula cha ndege na nyoka. Asipopata pa kupotelea, anaishi katika hofu. Hofu hiyo utaiona kwenye ngozi: asubuhi kuwa mweusi ni kawaida, anavuta joto, lakini akikaa mweusi mchana kutwa kuna jambo. Weka mimea hai kama pothosi au mhibiskasi, na katikati yake upitishe fito za unene tofauti, nyingi zikiwa za kulala, ambazo vidole vyake vinaweza kuzizunguka. Kiinue kizimba juu ya meza hadi akutazame kutoka juu. Na awe peke yake. Hata ndugu wawili waliototolewa siku moja, mmoja hushika tawi lenye joto na mwingine hudumaa, bila hata kupigana.

Bakuli la maji usihangaike nalo, kwa kawaida halitambui. Yeye hulamba matone kwenye majani. Nyunyiza alfajiri na jioni kwa dakika mbili hivi, na mchana chupa idondoshe tone moja moja juu ya mmea. Katikati ya hapo majani yakauke, kwani ubichi wa kutwa pamoja na hewa iliyotuama huleta ugonjwa wa mapafu. Choo chake kitakupa habari: ile sehemu ya mkojo mgumu ikiwa nyeupe, anakunywa vizuri, ikiwa ya rangi ya chungwa, ongeza maji.

Sakafu iache tupu, yenye tundu la kutolea maji. Maganda na mchanga hunaswa na ulimi pamoja na mdudu. Nyenje wasizidi urefu wa nafasi iliyo kati ya macho yake, wapakwe unga wa kalsiamu, na waliobaki uwatoe kabla ya kuzima taa, maana humng'ata akiwa amelala.

Siku ya kumleta, ingiza boksi lake ndani ya kizimba, lifungue mdomo karibu na tawi, kisha ondoka. Atatoka mwenyewe, pengine baada ya saa nzima. Wiki ya kwanza usimshike.