Kina cha fokasi: kwa nini jicho la nzi hutoka kali na mabawa yakapotea

Kina cha fokasi ni unene wa eneo linaloonekana wazi katika picha, kuanzia sehemu ya karibu zaidi iliyotoka kali hadi ya mbali zaidi. Ukimpiga picha mtu aliyesimama hatua kadhaa mbele yako, unene huo mara nyingi humtosha mtu mzima, kwa hiyo hata huufikirii. Kwa mdudu, hesabu hubadilika kabisa.

Chukua kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga wa picha) ya milimita 36 kwa 24 na lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, inayofikia ukuzaji wa 1:1, yaani mdudu wa milimita 7 anachukua milimita 7 zilezile juu ya sensa. Ukiweka tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, kwenye f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu huwa dogo), kina cha fokasi kinabaki takriban milimita 1. Nzi hawezi kuenea humo. Jicho likiingia, bawa liko nje, na ukivuta pumzi tu hata jicho nalo limetoka. Hapo wanaoanza hulaumu kamera na kuanza kutafuta lenzi ya bei kubwa, ambayo itawapa milimita 1 ileile.

Wazo la kwanza huwa ni kubana tundu. Ukifika f/16 unapata kama milimita 2, lakini kuna gharama yake. Mwanga unaopita katika tundu dogo sana hutawanyika, na picha nzima hulegea, pamoja na ile sehemu uliyoifokasi vizuri. Tena kwenye 1:1 tundu la f/16 huwa na athari ya f/32 hivi. Kwa maoni yangu, f/8 hadi f/11 ndipo pa kuanzia.

Njia inayodharauliwa ni kurudi nyuma. Ukipunguza ukuzaji hadi nusu, kwa tundu lilelile la f/8, kina cha fokasi huongezeka karibu mara tatu. Mdudu ataonekana mdogo, sawa, lakini utakata kingo za picha baadaye. Nusu ya mdudu iliyojaa fremu ikiwa na ukungu haina faida kuliko mdudu mzima aliye wazi.

Halafu kuna pembe, na hapa ndipo ustadi ulipo. Eneo hilo jembamba limesimama sambamba na sensa, kama kipande cha kioo kilichowekwa mbele ya lenzi. Kila kinachoguswa na kioo hicho hutoka kali. Kipepeo aliyefumba mabawa, ukimpiga kwa ubavu huku kamera ikiwa sambamba na bawa, atatoka wazi karibu wote. Mpige mdudu yuleyule kutoka mbele, na itabidi uchague. Chagua macho: mtazamaji husamehe miguu yenye ukungu, macho hasamehe.

Kuhusu kufokasi kwenyewe, zima fokasi ya otomatiki, maana kwa ukaribu huu hutangatanga. Panga ukuzaji unaoutaka, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole sana huku ukipiga mfululizo. Picha nyingi zitakuwa za kufuta, na hilo ni la kawaida hata kwa wazoefu. Asubuhi kukiwa na ubaridi kazi hupungua, kwa sababu joto la mwili wa mdudu hutegemea mazingira, na akipoa huwa mzito wa kuruka.

Tundu lililobanwa hula mwanga, kwa hiyo flashi ni karibu ya lazima. Mwako wake ni mfupi mno na hugandisha mtikisiko wa mkono wako na wa jani. Uzibe kwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi ili mwanga ulainike, la sivyo mgongo wa mbawakawa utang'aa madoa meupe.

Zile picha za nzi aliye wazi kuanzia vipapasio hadi ncha ya tumbo kwa kawaida si picha moja. Ni picha nyingi, kila moja ikiwa na fokasi iliyosogezwa kidogo, zikaunganishwa kwa programu. Mbinu hiyo humtaka mdudu aliyetulia tuli. Panzi anayetafuna hakufai. Mwenye simu ana nafuu fulani: sensa yake ni ndogo, hivyo kwa namba ileile ya f, mdudu akijaza fremu vilevile kina cha fokasi huwa kikubwa zaidi.