Seramu ya vitamini C "iliyo imara" ni ipi hasa

Siku hizi kila anayeuza seramu ya vitamini C anasema ya kwake ni imara, haiharibiki, ina antioksidanti kibao ndani ya chupa moja, na wateja tunalipa. Sasa imara maana yake nini? Maana yake siku unayopaka tone la mwisho, kile kilichoandikwa kwenye lebo kiwe bado kimo, kwa kiasi kilekile au karibu yake, na kiwe bado katika hali ya kuweza kuingia kwenye ngozi. Rangi nzuri ya siku ya kwanza haithibitishi chochote. Na kazi ipo kweli, maana vitamini C ile halisi, asidi ya askobiki, ukishaiweka kwenye maji inaharibika haraka mno.

Tuanze na antioksidanti yenyewe inafanya nini. Mionzi ya UV ya jua, moshi na uchafu wa hewa vinazalisha kwenye ngozi radikali huru, yaani molekyuli zenye upungufu wa elektroni ambazo zinapora elektroni kwa jirani, na jirani akiwa ni mafuta ya seli au DNA ndo madhara yanapoanzia. Antioksidanti inatoa elektroni yake kabla jirani hajaporwa. Safi. Ila kitu chepesi kutoa elektroni kwa radikali kitaitoa vilevile kwa oksijeni iliyomo kwenye chupa, hakichagui, kwa hiyo sifa ileile inayoipa vitamini C faida ndo inayoimaliza kabla haijafika usoni kwako.

Ikishatoa elektroni zake inageuka kuwa asidi ya dehidroaskobiki, na hapo bado inaweza kurudishwa, lakini kwenye maji haidumu, pete yake inafunguka na kuanzia hapo hamna kurudi tena, inaendelea kuvunjika kuwa vipande vidogovidogo, kimojawapo kinaitwa eritrulosi, ambacho ndo hichohicho kinawekwa kwenye losheni za wazungu za kujipa rangi ya ufukweni bila kwenda ufukweni. Ndo maana seramu iliyokwisha kazi inakuwa ya chungwa halafu kahawia, inatia doa vidole na foronya. Mtu kanunua dawa ya madoa, anajipaka rangi.

Jina la kulijua hapa ni Sheldon Pinnell, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwenye ngozi ya nguruwe, wakaonyesha kwamba asidi ya askobiki inaingia vizuri pale pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka asidi inazidi) ikiwa chini ya 3.5, na kwamba kuongeza kiasi kunasaidia mpaka asilimia 20, ukizidisha hapo huongezi kitu. Sababu ni chaji. Asidi hii kwenye pH ya 4.2 nusu yake ina chaji na nusu haina, ukishuka mpaka 3.2 molekyuli kama 9 kati ya 10 hazina chaji, na zisizo na chaji ndo zinazopenya tabaka la juu la ngozi, tena ndo zinazokawia kuoksidika, yaani kuharibiwa na oksijeni. Kwa hiyo ukiona seramu ya asidi ya askobiki inajisifu kuwa na pH ya 5.5 "sawa na ngozi", hiyo sifa ni kasoro.

Halafu 2005 kundi hilohilo likaja na mchanganyiko ambao leo kila mtu anauiga: asidi ya askobiki asilimia 15, vitamini E (alfa tokoferoli) asilimia 1, asidi ya feruliki asilimia 0.5. Feruliki ni kitu cha mimea, iko kwenye pumba za mpunga na kwenye ngano. Walikuta C na E bila feruliki zinaipa ngozi kinga ya jua mara 4 hivi, ukiongeza feruliki inafika mara 8, na mchanganyiko wenyewe unadumu zaidi. Hapa ndo wazo la viambato vingi linapopata maana, maana vinafanya kazi kwa kupokezana: E inakaa kwenye mafuta ya seli, ikitoa elektroni yake C inairudishia, na feruliki inabeba sehemu ya mzigo ili C isiishe mapema. Kampuni ya vipodozi ya SkinCeuticals ndo waliotengeneza bidhaa kutokana na kazi hiyo, na bei yake ni kubwa.

Sasa twende mezani, gramu 100 za mfano. Maji yawe yaliyotolewa madini, kwa sababu chuma na shaba hata kwa kiasi kidogo sana vinaharakisha uoksidishaji, na maji ya kisima mengi yana chuma. Najua mtaani watu wanakimbilia maji ya betri kwa vile yapo kila sheli, lakini hayo hayakutengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu, na chupa ya jirani yake kwenye shelfu inaweza kuwa asidi ya betri yenyewe. Weka kwanza EDTA gramu 0.1 kwenye maji, kazi yake ni kukamata madini yaliyobaki, na lazima itangulie, ukiiweka mwisho unakuta C imeshaanza kuliwa. Ndipo unamimina asidi ya askobiki gramu 15, unakoroga kwenye baridi mpaka maji yawe maangavu, usipashe moto. Vyombo viwe vya kioo au plastiki.

Pembeni una bika nyingine, yaani kikombe cha maabara. Feruliki haipendi maji kabisa, kwa hiyo gramu 0.5 zake unaziyeyusha kwenye viyeyusho viwili, etoksidiglikoli na propilini glikoli, jumla gramu 20 hivi, unaweza kupasha kidogo, kisha unaongeza vitamini E gramu 1, polisobeti 80 gramu chache ili mafuta ya E yakubali kukaa na maji, na fenoksiethanoli isiyozidi gramu 1 ya kuzuia vijidudu. Ikipoa unaidondoshea kwenye bika ya C polepole huku unakoroga, ukiwa na haraka feruliki inajikusanya inakuwa chembe nyeupe kama chumvi chini ya chombo na hapo umeharibu. Pima pH, itakuwa karibu na 2, ambayo inachoma, ipandishe kwa tone tone za soda kostiki iliyochanganywa na maji mpaka 3.0 hivi, halafu jazia maji mpaka gramu 100. Karatasi za pH hazitoshi kwa kazi hii, tafuta mita, uisawazishe kwa bafa (vimiminiko vyenye pH inayojulikana) ya 4 na ya 7 kabla ya kupima.

Kwa nini fenoksiethanoli na sio sodiamu benzoeti ambayo ni rahisi na kwenye pH 3 inafanya kazi vizuri tu? Kwa sababu benzoeti ikikutana na vitamini C palipo na madini inaweza kuzalisha benzini kidogo, jambo ambalo tayari lilishawasumbua watengenezaji wa soda. Kwa nini uombe matatizo.

Kisha linakuja swali la kila mjasiriamali: niongeze na niasinamaidi (aina ya vitamini B3), peptidi za shaba (vipande vya protini vilivyobeba shaba) na retinoli (aina ya vitamini A) iwe "zote kwa moja"? Hapo ni abiria wa daladala, mmoja anataka dirisha wazi mwingine anataka lifungwe. Niasinamaidi inataka pH ya 5 mpaka 7, ukiiacha miezi kwenye pH 3 sehemu yake inageuka kuwa asidi ya nikotiniki inayofanya uso uwe mwekundu na kuwasha. Peptidi za shaba zinaleta shaba yenyewe, yaani umemkaribisha adui uliyemwekea EDTA. Kila unachoongeza kinapunguza eneo ambalo wote wanaweza kuishi, na mimi seramu yenye antioksidanti tatu zinazoelewana naiamini kuliko yenye kumi za kupambia lebo. Ukitaka lazima C na niasinamaidi chupa moja, badilisha C, tumia aina zake zilizogeuzwa kidogo kikemia, ile ya ethili au sodiamu askobili fosfeti ambazo zinatulia kwenye pH ya juu zaidi, ila ujue ushahidi wa kazi yake kwenye ngozi ni mdogo kuliko wa asidi halisi.

Kupima uimara ni kuchosha na ndo wengi wanaporuka. Kawaida unaweka sampuli kwenye oveni ya nyuzi 40 kwa miezi 3, nyingine kwenye friji, nyingine chumbani, kila mwezi unaangalia rangi, pH, kama mafuta yameelea juu, na kiasi cha C kilichobaki. Maabara kubwa wanatumia HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima viambato, ila makadirio yanapatikana hata kwa ayodini na wanga kama ya shuleni: C inaila ayodini, ikiisha ndo rangi ya buluu nyeusi inatokea, ukijua umetumia mililita ngapi unajua C iliyokuwepo. Usitegemee macho peke yake, kuna wanaoweka rangi ya chungwa tangu mwanzo na hutajua lini imebadilika. Na kama unauza, mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, yanahusika, sio jambo la kuuzia WhatsApp kimyakimya.

Mwisho joto. Kanuni ya jumla ni kwamba ukipanda nyuzi 10 uharibifu unaenda karibu mara mbili, na ile "joto la chumba" ya kwenye lebo za Ulaya ni nyuzi 15 hadi 25, chumba cha Dar mwezi wa pili kinapita 30 bila shida. Hivyo chupa iwe ndogo, mililita 15 inatosha, ya kahawia au ya pampu isiyoingiza hewa, ikae friji, na tarehe uliyoifungua iandike chini kwa maka peni, baada ya miezi 3 hivi achana nayo. Ile iliyopangwa dirishani kwenye chupa ya kioo kisicho na rangi, inapigwa jua la mchana ili wapita njia waione, hata ukipewa punguzo iache hapohapo.