Tangi la Samaki Lililotelekezwa Halisafishwi Siku Moja

Tangi la samaki likitelekezwa miezi mingi, hatari kubwa kwa samaki waliobaki si uchafu. Ni ndugu mwenye huruma anayeingia na ndoo, brashi na nia ya kumaliza kazi kabla ya magharibi.

Nahudumia matangi ya samaki wa mapambo hapa Tanga, na safari hii mteja ni mjomba wangu wa Chumbageni. Tangi lake la lita 240 limekaa sebuleni tangu watoto wahamie Dar, likiongezewa maji tu kila yakipungua. Maji yamekolea kahawia kwa sababu ya gogo la mkoko lililowekwa kama pambo, kioo kimeota utando wa kijani, na chini wamebaki samaki wa dhahabu watatu, wanene kabisa. Nilipofika mjomba keshaandaa sabuni ya unga.

"Shikamoo mjomba. Hiyo sabuni naomba irudi bafuni kwanza."

"Marahaba. Sasa uchafu wote huu utauondoa na nini?"

Na maji, ila kidogo kidogo. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, nyingi kupitia matamvua, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Tangi likiwa na afya, bakteria waishio kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Kazi hiyo huzalisha asidi, na asidi hula akiba ya kaboneti iliyomo majini. Ukiongezea tu maji kufidia yaliyokauka bila kutoa ya zamani, nitrati hulimbikizana na ile akiba huisha. Nilipopima kwa matone, pH ya tangi (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ilikuwa 6. Ya bomba la uani ilikaribia 7.5.

Mtego uko hapo. pH ikishuka kiasi hicho bakteria huzubaa na amonia haishughulikiwi, lakini karibu yote hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo ukali wake ni mdogo sana. Ndiyo maana samaki wa mjomba walikuwa hai. Sasa badilisha nusu ya maji kwa mkupuo: pH inaruka, na amoniamu iliyobaki inageuka kuwa amonia yenyewe. Kila pH inapopanda kizio kimoja, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Joto nalo huchochea, na kwa Tanga ya mwezi wa pili, maji ya sebuleni kufika nyuzi 30 si habari. Kesho yake samaki wanaelea, lawama zinakwenda kwa maji ya bomba.

Kwa hiyo tulikwenda kwa ndoo moja ya lita 20 kwa siku, chini ya sehemu moja ya kumi ya tangi. Maji yanakingwa jana yake na kuachwa wazi usiku kucha ili klorini iondoke, maana klorini haibagui bakteria wa choo na bakteria wa chujio. Nilipima kabla ya kila ndoo. pH ikipanda haraka au amonia ikionekana, siku hiyo tunapunguza.

Sponji ndiyo sehemu ninayoilinda kuliko zote. Usiioshe bombani. Chota maji ya tangi lenyewe kwenye beseni, izamishe, ikamue mara mbili tatu, tope likitoka irudishe. Mjomba aliitazama akakunja uso: "Mbona bado chafu?" Kwenye huo ukahawia uliobaki ndiko bakteria wanakoishi. Ukiiosha ikawa nyeupe, unaanza upya, na kuwajenga upya huchukua wiki nne hadi sita.

Changarawe nayo usiifukue yote. Nilifyonza tope kwa mpira, robo ya sakafu kwa siku, tena juu juu. Mahali palipoganda, ukitibua hutoka harufu ya yai viza, na gesi hiyo ni sumu kwa samaki. Kioo kwa ndani ni wembe tu, mbali na silikoni ya kwenye pembe. Ukoko mweupe ulioganda kwenye kioo juu ya usawa wa maji huondoka kwa kitambaa chenye siki kidogo. Kagua na kabati lililobeba tangi pia: lita 240 ni kilo 240 kabla ya kioo na mawe, na mbao zilizovimba kwa unyevu hazitabiriki.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza zina kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo ni kali mno kwa samaki. Pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumba na kuipenyeza majini, kwa hiyo ukipuliza sebuleni ikiwa inafanya kazi, unalipulizia tangi moja kwa moja. Nimemwambia mjomba atumie chandarua. Akilazimika kupuliza, azime pampu, afunike tangi kwa kitambaa kilicholowa, kisha afungue madirisha hewa itoke kabla ya kuiwasha.

Umeme ukikatika saa nyingi, chujio la kufungwa, lile la kopo lililozibwa, lisiwashwe hivi hivi. Maji yaliyolala ndani huishiwa oksijeni na kuoza. Yamwage kwanza, ndipo uwashe.

Sasa maji yameng'aa, mjomba ameanza kutamani mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa bluu na njano. Nimekataa. Mbuna wanataka maji magumu yenye pH karibu 8, wakati gogo la mkoko linavuta kwenye asidi, tena ni wagomvi, watawanyofoa mapezi samaki wa dhahabu. Akitaka mbuna, ni tangi la pili, na maji ya kisima yaliyopita kwenye chokaa, almuradi hayana chumvi ya bahari, yatawafaa kuliko ya bomba. Anatafuta fundi wa kioo.