Waziri Mkuu wa Uingereza alitokea wapi? Mambo ya ukoo wa Hanover

Wengi tunajua Waziri Mkuu wa Uingereza ndio mwenye serikali na mfalme anabaki wa heshima tu, ila ukiuliza hicho cheo kilianzishwa na sheria gani hupati jibu, maana haipo. Hakuna siku Bunge lilikaa likasema kuanzia leo tuna Waziri Mkuu. Cheo kiliota chenyewe, pole pole, wakati ukoo mgeni umeshaingia ikulu.

Ilikuwa hivi. Malkia Anne alizaa lakini watoto wote walikufa, na tangu 1701 Bunge lilishapitisha sheria kwamba Mkatoliki asirithi kiti, kwahiyo ndugu zaidi ya hamsini wenye damu ya karibu wakarukwa kwa sababu ya dini mpaka ikafikiwa familia ya Sophia wa Hanover, Ujerumani. Sophia akafa Juni 1714, Anne akafa tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, taji likamwendea George mtoto wa Sophia, mtu mzima wa miaka 54. Sasa shika hapo: huyu mfalme kiti kapewa na Bunge, na yeye analijua hilo na wabunge wanalijua.

Bungeni kulikuwa na makundi mawili, Whig na Tory. Kati ya Tory kulikuwa na waliotamani James Stuart, mdogo wake Anne kwa baba, arudi kutoka uhamishoni, na uasi wa wafuasi wa James wa 1715 kule Scotland ulipozimwa George hakuwaamini tena, Whig wakatawala karibu miaka hamsini.

Kuna maelezo yanarudiwa sana kwamba mfalme hakujua Kiingereza ndio maana akawaachia mawaziri kazi, mimi sikubali kwamba yanatosha. Kiingereza chake kweli kilikuwa kidogo, lakini alikuwa akiongea Kifaransa na mawaziri wake vizuri tu, na alipoacha kukaa kwenye vikao vya baraza, kwenye 1717 hivi, alikuwa na ugomvi mkubwa na mwanae. Kilichojenga kile cheo ni hela. Mfalme hawezi kutoza kodi bila Bunge, hawezi kulipa jeshi bila Bunge, nchi ina deni kubwa la vita, kwahiyo Bunge limeshika mpini na mfalme kashika makali, anahitaji mtu wa kwenda kusimama pale kwa wabunge na kutoka na kura.

Mtu huyo akawa Robert Walpole. Mwaka 1720 hisa za kampuni ya South Sea zilipanda kutoka kama pauni 128 mpaka karibu 1,000 halafu zikaporomoka, watu wakafilisika, na ikajulikana kuna wakubwa serikalini walihongwa hisa (na tusisahau hiyo kampuni ilikuwa na mkataba wa kuwapeleka Waafrika utumwani kwenye makoloni ya Hispania, hilo watu hulipita haraka sana). Walpole akaitwa kuokoa jahazi, Aprili 1721 akapewa hazina, akiitwa Bwana wa Kwanza wa Hazina, na akakaa hapo mpaka 1742. Alikataa kupandishwa kuwa lodi miaka yote hiyo, maana ukiwa lodi unaliacha Baraza la Makabwela, yaani upande wa Bunge wa wabunge wa kuchaguliwa, na hela zinapigiwa kura kwa makabwela.

Hakuwa mtakatifu. Kura alizipata kwa kugawa vyeo, kazi za forodha, mpaka uaskofu, na wapiga kura wenyewe walikuwa wachache, wanaume wenye mali. Old Sarum ilikuwa kilima kisicho na mji tena lakini inapeleka wabunge wawili!

Na jina la Waziri Mkuu wakati huo lilikuwa tusi, maana yake umemweka mfalme mfukoni. Mwaka 1741 wapinzani walimshambulia nalo na Walpole akalikana. Ndio maana mpaka leo kwenye mlango wa namba 10 Downing Street, nyumba ambayo Walpole alipewa na George II, mwanae yule George wa kwanza, akakubali iwe ya cheo na sio yake, bamba la shaba la tundu la barua limeandikwa Bwana wa Kwanza wa Hazina, neno Waziri Mkuu halipo.

Februari 1742 akashindwa kura bungeni kuhusu uchaguzi wa Chippenham akaondoka, na mfalme alikuwa bado anamtaka. Hapo ndio maana kamili ya cheo ilipoonekana: mfalme anakuteua, ila Bunge likikuchoka mfalme hawezi kukubakisha. Katiba ya Tanzania ibara ya 51 imebeba kitu hichohicho, Rais anateua Waziri Mkuu kutoka wabunge wa majimbo lakini Bunge lazima limthibitishe. Mwaka 1782 Lord North, Waziri Mkuu wa wakati huo, naye aliondoka hivyohivyo baada ya vita ya Marekani kumshinda, George III akiwa bado anamkatalia kujiuzulu, na safari hiyo karibu baraza lote likaondoka naye.