Kwa nini faini kubwa peke yake haimtishi dereva

Ukisafiri kwa basi la mkoani utaliona hili. Gari linalokuja mbele linawasha taa mara mbili, mchana kweupe. Dereva wenu anakanyaga breki, mshale unashuka hadi 50, mnapita kwa adabu mbele ya askari mwenye tochi ya kupimia mwendo. Kilomita mbili baadaye mwendo umerudi uleule. Sheria haikubadilika hapo katikati, wala faini. Kilichobadilika ni uwezekano wa kukamatwa.

Wachumi tunaanzia hapo. Gary Becker wa Marekani alisimulia kwamba siku moja alichelewa kwenda kumtahini mwanafunzi Chuo Kikuu cha Columbia. Alipe maegesho, au aache gari pasiporuhusiwa na kubahatisha? Akabahatisha. Mwaka 1968 alichapisha makala akieleza kwamba mhalifu naye hupima vivyo hivyo: upande mmoja faida ya kosa, upande wa pili adhabu ikizidishwa kwa uwezekano wa kukamatwa. Mwaka 1992 alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Tulete hesabu hiyo barabarani. Faini ya papo kwa papo tuliyoizoea Tanzania ni shilingi 30,000. Tuseme dereva hukamatwa safari moja kati ya 20: kila safari ya mwendo kasi inamgharimu, kwa wastani, shilingi 1,500. Abiria mmoja tu wa njiani anairudisha. Na dereva akijua kuwa noti ya elfu tano inamaliza mambo palepale, gharama inashuka hadi shilingi 250. Ndiyo maana mimi naihesabu rushwa ya barabarani kuwa punguzo la bei ya kuhatarisha maisha ya watu.

Kwenye karatasi, kuongeza faini mara mbili ni sawa na kukamata mara mbili zaidi. Binadamu hapimi hivyo. Cesare Beccaria, mwanafikra wa sheria wa Milano, Italia, aliliandika mwaka 1764: uhakika wa adhabu, hata ikiwa ndogo, huzuia kosa kuliko ukali wake. Tafiti nyingi za leo zinaelekea hukohuko. Kila baada ya ajali kubwa tunasikia wito wa kuongeza miaka ya kifungo, na uchungu huo naujua. Lakini anayeamini hatakamatwa haigusi miaka hiyo kwenye hesabu yake.

Kenya kulifanyika jaribio linalostahili kujulikana zaidi. Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika ndani ya matatu za safari ndefu vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha hovyo, na madereva walioviacha mahali pake wakaingizwa kwenye bahati nasibu. Katika matatu hizo madai ya bima yalipungua kati ya nusu na theluthi mbili. Hakuna faini iliyopandishwa. Askari wa tochi husimama mahali pamoja, na habari zake humfikia dereva mapema; abiria wamo ndani ya gari tangu linatoka stendi mpaka linapofika.