Kutofungwa si kutwaa ubingwa

Sisi tuliozoea ligi za pointi tunadhani timu isiyofungwa msimu mzima ndiyo bingwa. Kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, wapi! Mwaka 2023 Florida State ilishinda mechi zote 13 kabla ya mtoano, ikabeba na taji la ukanda wake, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja. Hata hivyo, kamati iliyokuwa ikichagua timu nne za mtoano iliiacha, ikaichukua Alabama iliyopoteza moja. Kisa? Mrusha mpira mkuu wa Florida State, Jordan Travis, alikuwa ameumia, hivyo timu ikaonekana si ile tena. Kwangu mimi, huo ulikuwa uonevu. Msimu wa 2024 nafasi za mtoano zikawa 12, na Ohio State, iliyopoteza mbili, moja nyumbani mbele ya mahasimu wao Michigan, ikatwaa ubingwa kwa kuilaza Notre Dame 34-23.