Roboti kwa mkono uliopooza kwa kiharusi: inasaidia wapi?

Ndugu wa wagonjwa wa kiharusi hutuonyesha video kwenye simu: mkono uliolala umefungwa kwenye mashine, unasogea. Wanauliza kama wauze kiwanja wampeleke mgonjwa wao nje ya nchi. Jibu letu ni hapana, na sababu zake ni hizi.

Roboti iliyofanyiwa utafiti mwingi ni MIT-Manus, iliyobuniwa Marekani na Neville Hogan na Hermano Igo Krebs kuanzia 1989. Mgonjwa huketi mbele ya skrini, kigasha kimeshikizwa kwenye mashine. Skrini ina nukta moja katikati na nyingine nane zikiizunguka. Anatakiwa kuifikia moja, kisha arudi katikati. Akiweza mwenyewe, roboti humwacha; akikwama, humsogeza taratibu.

Faida yake ni wingi wa marudio, maana ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia tendo. Katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliochapishwa 2010, wagonjwa walifanya wastani wa miondoko zaidi ya 1,000 kwa kikao. Kikao cha kawaida cha fiziotherapia kiko mbali sana na idadi hiyo.

Lakini kusogeza mkono ni jambo moja, kuutumia ni jingine. Utafiti mkubwa wa Uingereza, RATULS, uliochapishwa 2019, ulihusisha wagonjwa 770. Kundi moja lilitumia roboti dakika 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12. La pili lilipewa muda uleule na wataalamu, likifanya kazi za kila siku ambazo mgonjwa mwenyewe alizichagua. La tatu liliendelea na huduma ya kawaida. Waliofikia kiwango cha mafanikio kilichowekwa walikuwa 44% kwa roboti, 50% kwa wataalamu na 42% kwa huduma ya kawaida. Tofauti hizo ni ndogo mno kusema roboti imeshinda. Waliotumia roboti walisogeza mkono vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, ila kuvaa na kula hakukuwa rahisi zaidi. Sishangai: nukta kwenye skrini haina kifungo cha shati.

Kama hospitali iliyo karibu nanyi ina roboti, itumieni, na mwulizeni mtaalamu ni kazi gani za mkono zitafuata baada ya mashine. Kama haipo, fedha ya safari ilipie fiziotherapia ya karibu, mapema na bila kukatiza. Nyumbani, mgonjwa anayeweza kusogeza vidole hata kidogo achambue mchele, akunje kanga, ashike kikombe cha plastiki kwa mkono uleule ulioathirika, mara nyingi kwa siku. Tafadhali msimfanyie kila kitu kwa huruma. Mkono usiotumika huzidi kusahaulika.

Na msimnyanyue kwa kumvuta mkono huo. Misuli ya bega imelegea, kiungo huteguka kirahisi. Anapoketi, wekeni mto chini ya kigasha. Bega likianza kuuma, mwambieni mtaalamu mapema, kabla mgonjwa hajaanza kuogopa mazoezi.